Kapteni Machibya na Vita vya Kayenze

Mume wangu aliiteka Kirumba kwa mchana mmoja, bila risasi, akiwa na ndoo za rangi ya bluu na kofia iliyokaa upande. Jua lilipozama, vibanda vyote vya kule sokoni Mwaloni, vya wauza dagaa na vya wauza chai, vilikuwa bluu. Akarudi nyumbani Ilemela ananuka rangi na samaki, akasimama mlangoni wima kama anapokea salamu ya mkuu wa majeshi, akaniambia, "Mama Sabina, Kirumba ni yetu."

Nikamuuliza, "Yetu sisi nani?"

"Himaya," akasema, akaenda kuoga.

Sasa nieleze vizuri, maana ukisikia himaya utafikiria wafalme na mizinga. Himaya yetu ilikuwa ya soda. Mwenyewe alikuwa Mzee Mihayo, tajiri aliyeanza na lori moja la kununua pamba pale tu serikali iliporuhusu watu binafsi kuinunua. Lori likazaa malori, malori yakazaa mashine ya kukamua mafuta, na siku moja tajiri akaamka akasema anataka soda. Akajenga kiwanda nje kidogo ya mji, soda yake akaiita Tausi, akaweka chupa yenye nembo ya bluu. Lakini miaka ile ya biashara huria kila mwenye hela alikuwa ameota ndoto hiyo hiyo, na upande wa pili wa mji kulikuwa na soda nyingine, Korongo, yenye nembo nyekundu. Ikawa bluu na nyekundu zinagombania ziwa zima. Ukikubali kuuza soda yao, wanakupakia duka rangi yao bure, na wewe umeshakuwa koloni.

Mzee Mihayo alihitaji mtu wa kusukuma mpaka mbele. Akamtafuta mume wangu, Kapteni Machibya.

Kapteni alikuwa askari wa kweli, hilo simtanii. Alivuka mpaka wa Kagera wakati wa vita na kikosi chake, akarudi na kikosi chake, na kovu la begani analosema ni la risasi. Mimi nililisafisha kwa mikono yangu, najua ni seng'enge. Jeshini alikaa miaka mingi, akapanda cheo kwa cheo, kisha wakamstaafisha, wakaniletea nyumbani.

Ndipo na mimi nilipoijua vita. Asubuhi filimbi. Masufuria yanakaguliwa. Binti yetu Sabina alipopata nafasi chuo cha ualimu Butimba aliondoka mbio mbio, na likizo akawa anapata udhuru wa kubaki huko. Kuku wangu walifundishwa kutoka bandani kwa mstari, na haki ya Mungu walikuwa wanatoka kwa mstari. Nililalamika kwa majirani mpaka wakanichoka.

Halafu filimbi ikanyamaza, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Kapteni akawa anaamka, anapiga viatu vyake rangi mpaka unaweza kujitazama ndani yake, anavivaa, anafunga kamba, kisha anakaa kibarazani hadi jioni. Viatu vinang'aa na hakuna pa kwenda navyo. Nilikuwa napita na ndoo ya maji naangalia pembeni, kwa sababu nikimwangalia ningelia. Ningekubali filimbi kumi kuliko ukimya ule.

Kwa hiyo Mzee Mihayo alipokuja na gari lake refu, akaketi sebuleni kwetu akasema, "Kapteni, nataka kamanda wa mpaka wa ziwa," mimi niliyekuwa jikoni nilipiga goti nikamshukuru Mungu palepale kwenye majivu. Akampa kofia ya bluu yenye picha ya tausi. Akampa gari la mizigo na dereva, kijana mmoja wa Shirati anaitwa Ooko, ambaye hakuwahi kuvaa shati lenye vifungo vyote. Kesho yake Ooko alifika amefunga vifungo vyote.

Basi vita ikapamba moto. Ilikuwa mwaka tisini na nane, magugu maji yamejaa ufukweni mpaka mitumbwi inatoka kwa kusukumwa, lakini Kapteni hakuzuiwa na majani. Barafu alichukua kwenye viwanda vya minofu, yale mabaki wanayomwaga, kwa hiyo soda yetu ilikuwa baridi kuliko ya adui na ilinuka sangara kidogo. Watu wa ufukweni hawakuijua tofauti. Kirumba ikaanguka. Igombe ikaanguka. Kila jioni alikuwa ananisimulia kwa mikono, huku anakula, ugali unaruka. Nilimwona ananenepa. Usiku alikuwa anakoroma kwa raha.

Kisha tukafika Kayenze.

Kayenze ni kijiji cha wavuvi na wakulima, nusu saa mbele ya Igombe kama barabara ina moyo mzuri. Vibanda vyake vyote vilikuwa vyekundu, na vilikuwa vyekundu kwa sababu ya mtu mmoja tu: Ngosha, kaka yangu wa tumbo moja. Ngosha ni manju, kiongozi wa ngoma, anatunga na kuimba mwenyewe, na Korongo walikuwa wameshamvalisha fulana. Aliimba wimbo mmoja kuhusu soda nyekundu, na kijiji kizima kikaona kunywa ya bluu ni aibu.

Hapa lazima uelewe jambo moja la kwetu Usukumani. Watu wa ngoma wamegawanyika sehemu mbili, Wagalu na Wagika, na unazaliwa huko kama unavyozaliwa na pua yako. Baada ya mavuno wanashindana. Makundi mawili yanasimama uwanja mmoja, yanaanza kupiga wakati mmoja, na hakuna mwamuzi. Watazamaji ndio waamuzi kwa miguu yao. Anayekuvutia unamwendea. Kundi lenye umati mwisho wa siku limeshinda, na lililobaki na mbwa na watoto wadogo linakunja ngoma zake linaondoka.

Kwetu sisi ni Wagika. Kapteni ni Mgalu. Na nisifiche, mimi nilimpata uwanjani. Nilikuwa binti bado, nimesimama upande wa nyumbani na mama zangu, nikamwona kijana mwembamba wa upande wa pili anarusha jembe la kuchezea ngoma juu, linazunguka, analidaka nyuma ya mgongo bila kugeuka. Nikavuka. Msichana wa Kigika, mbele ya baba yake, nikavuka uwanja mweupe peke yangu. Baba hakunisemesha mpaka mvua za mwaka uliofuata. Machibya akanioa, akaenda jeshini, na tangu alipovaa cheo cha kwanza hakucheza tena. Afisa hachezi, alisema. Nilimbembeleza kwenye harusi za watu mpaka nikaacha.

Mzee Mihayo alikuja tena na gari lake refu. Alikuwa amechoka kusikia Kayenze. "Siku ya mashindano ya ngoma," akasema, "Korongo watakuwa na Ngosha wao. Na wewe lete Wagalu wa Igombe, nimeshawalipia. Watakaoshinda, kijiji ni chao. Ukiikosa Kayenze, Kapteni, unaniletea kofia na funguo za gari."

Kapteni akapiga saluti. Mimi nikaangalia viatu vyake chini ya meza.

Alipanga vita kwenye meza yangu ya kulia chakula. Karanga zilikuwa jeshi letu, maharage yalikuwa adui, na kikombe kilichovunjika mkono kilikuwa ziwa. Alivisogeza siku mbili. Siku ya tatu nilihitaji meza na sikuwa na mboga, nikapika vita nzima kwenye sufuria moja. Alikula, akasema tu kwamba adui hajaiva vizuri.

Mpango wenyewe ulinitoa macho. Alitaka kuwahi uwanjani mapema, kukusanya watu upande wetu, kuwapa soda, na kuwazungushia kamba. Kamba ya katani, kwenye nguzo.

"Baba Sabina," nikamwambia, "kwenye ngoma mtu hafungwi kamba."

"Hawafungwi. Wanashikilia nafasi."

"Nafasi gani? Wamekuja kuangalia ngoma, hawajaja lindo."

"Mama Sabina, nimeshika ardhi maisha yangu yote. Ukishaishika, unaweka mstari, na mstari hauvukwi. Umati usio na mstari ni ng'ombe waliotoroka."

Nikamwacha. Mtu akishaanza kukueleza habari za mistari, umekwisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili baada ya misa. Uwanja wa Kayenze uko kati ya mawe makubwa na maji, vumbi limepondwa likawa laini. Mambo yalianza vizuri ajabu. Kreti zimepangwa, bendera za bluu zinapepea, Ooko anagawa soda huku amefunga vifungo hadi shingoni. Nusu ya kijiji walikuwa ndani ya kamba yetu na chupa mkononi, wamekaa safu kwa safu, wazee mbele, akina mama katikati. Mimi nilikuwa safu ya kwanza, mke wa kamanda, nimevaa kitenge cha bluu alichoninunulia makusudi. Mzee Mihayo alikuwa ndani ya gari lake kwenye kivuli cha mawe, kioo kimeshushwa nusu. Kapteni alipita mbele yetu na filimbi shingoni, viatu vinawaka jua. Niliona alivyokuwa na furaha, nikasema moyoni, Bwana, mwachie hii moja tu.

Ngoma zikaanza pande zote mbili kwa pamoja. Wagalu wa Igombe walikuwa wazuri, sitasema uongo. Lakini ng'ambo ya uwanja, chini ya bango jekundu, kaka yangu alinyanyua usinga wake na kuimba:

*Shemeji kaja na kamba, jamani anatafuta nini?*
*Anasema ng'ombe wake wamepotea Kayenze.*
*Ng'ombe mmoja namjua, kavaa kitenge cha bluu,*
*mfungulieni dada yangu, huyo hajazoea zizi.*

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Bibi mmoja pembeni yangu alicheka hadi soda ikamtoka puani. Nilijikaza. Nilikunja uso kama mke wa kamanda anavyopaswa. Ngosha akarudia, safari hii akitaja jina langu la utotoni, na wapiga ngoma wake wakabadilisha mdundo, wakaingia ule wa kwetu, ule ambao mama alikuwa akiuimba wakati wa palizi, na miguu yangu ikaanza yenyewe ndani ya viatu.

Niliiambia itulie. Nilimwangalia Kapteni, nikamkumbuka kibarazani, nikajisemea, Modesta, ukivuka leo umemuua. Nilikuwa nasema hivyo huku nimeshainua kamba.

Ndiyo, nilihama. Niliinama nikapita chini ya katani ile, nikavuka uwanja mweupe nikicheza, mtu mzima na makalio yangu, na nilisikia nyuma yangu mtu anasema, "Mke wa kamanda kavuka." Basi ikawa imekwisha. Wazee wakaruka kamba. Akina mama wakaiangusha pamoja na nguzo zake. Filimbi ililia, ikalia, ikalia, na hakuna aliyegeuka. Ooko alikuwa wa mwisho kuvuka, na alipofika kwetu tayari alikuwa anafungua vifungo.

Nilipopata pumzi nikageuka kuangalia nilikotoka.

Upande wa bluu walikuwepo wachezaji wa Igombe, mbwa wawili, kreti, na mume wangu. Alikuwa amesimama wima palepale. Filimbi ilikuwa imeanguka kifuani. Ananiangalia mimi, kati ya watu wote wale ananiangalia mimi tu, na sura yake ilikuwa ile ya kibarazani. Nikaacha kucheza. Nilitaka kurudi, nikaona nitarudi na nini. Nilisimama katikati ya kelele ile ya furaha nikatamani ardhi inimeze, jinsi nilivyokuwa nampenda na nilivyomfanyia.

Kapteni akainama. Nilidhani anaokota kitu. Alikuwa anafungua kamba za viatu.

Alivivua taratibu, kushoto kisha kulia, akavipanga pamoja na soksi ndani, akaviwekea kofia ya tausi juu. Akakunja suruali. Akamgeukia mchezaji mmoja wa Igombe, akanyoosha mkono, na yule kijana akampa jembe kwa adabu kama anamkabidhi bunduki.

Alilirusha juu. Wagalu wakanyamaza, hata ngoma zao. Jembe lilizunguka juani, likazunguka tena, na mimi nilifumba macho, maana yule mwembamba wa zamani sasa alikuwa na kitambi na goti bovu. Nikasikia uwanja mzima unavuta pumzi. Nilipofumbua alikuwa amelidaka nyuma ya mgongo, bila kugeuka.

Halafu akaja.

Alivuka uwanja mweupe peke yake, peku, anakuja kwangu, anacheza. Goti lilikuwa linagoma, naye analiburuza kwenye mdundo mpaka ukadhani ndivyo mtindo ulivyo. Wachezaji wa Igombe waliangaliana. Ni watu wa nidhamu wale, walijua kamanda akisonga mbele unafuata, wakanyanyua majembe wakamfuata na ngoma zao begani. Umati wetu haukuweza kungoja. Ulimwendea ukakutana naye katikati, wazee, akina mama, wenye fulana nyekundu, wenye chupa za bluu, wote wakamzunguka, na mimi nilikuwa mbele nimewapiga vikumbo wote. Niliangua kilio huku nacheka. Alikuwa anahema kama mvukuto. Akaniambia sikioni, "Mama Sabina, umevunja mstari wangu."

"Ulikuwa mstari mbaya," nikamwambia.

Akacheka. Miaka yote ile jeshini, na sijawahi kumsikia akicheka vile.

Ngosha alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake. Alisimamisha ngoma zake, akapenya umati, akaweka usinga wake chini miguuni pa shemeji yake. "Umati ni wako," akasema. "Ila umekuja kuuchukulia kwangu." Kwa hiyo nani alishinda Kayenze? Hadi leo ukitaka ugomvi pale kijijini, uliza swali hilo kisha ondoka. Watu walikuwa na kiu, wakanywa za bluu wakamaliza, wakanywa nyekundu wakamaliza, wengine wakachanganya kwenye kikombe kimoja wakasema ndiyo tamu zaidi.

Mzee Mihayo aliteremka garini. Alipita kwenye vumbi akiinua miguu, akachukua kofia yake juu ya viatu, akaikung'uta, akapokea funguo kwa Ooko. "Machibya," akasema, "nilikupa mpaka uulinde. Umeuvuka ukicheza." Hakupiga kelele. Aliondoka tu, na himaya ikaondoka naye.

Tulirudi mjini kwenye lori la samaki, tumekaa juu ya magunia, Kapteni na viatu vyake mapajani. Kicheko kilikuwa kimemwisha, au ndivyo nilivyodhani, na mimi sikuthubutu kumgusa. Nililala nikijua kesho ataamka, atavipiga rangi, ataenda kibarazani, na safari hii ni mimi niliyempeleka.

Asubuhi niliamshwa na filimbi.

Nilitoka mbio na khanga moja. Kapteni alikuwa amesimama uani, peku, suruali imekunjwa. Kuku walikuwa wanatoka bandani kwa mstari.

"Modesta," akasema, na jina hilo hakuwa amelitumia tangu tulipooana. "Jana ulitoroka jeshi wakati wa vita. Unajua adhabu yake?"

"Sijui, Kapteni."

"Utanifundisha ule mdundo wenu wa palizi. Ule wa Kigika. Mguu wa kushoto sikuuelewa."

Kisha nikasikia ngoma barabarani, nikadhani ni za kichwani mwangu, lakini lango likagongwa na nikaona vichwa juu ya ukuta: Wagalu wa Igombe na majembe yao, na kaka yangu Ngosha katikati yao, na Ooko bila shati kabisa.

"Shikamoo, shemeji," Ooko akasema. Tangu jana yake alikuwa amejifanya ndugu yangu.

"Marahaba," Kapteni akasema. "Mnataka nini?"

"Hawa hawana kiongozi," Ngosha akasema, akiwaonyesha watu wa Igombe kwa usinga. "Mimi nimechoka kuwapiga bure. Nataka mtu wa kunisumbua. Mavuno ya mwakani tunakutana Magu."

Kapteni alipita mbele yao, mmoja mmoja, anakagua majembe, mmoja akamwambia akaze mpini. Nilimwona mabega yanavyopanda. Kisha akaja kwangu akanishika mkono mbele ya watu wote, jambo ambalo afisa hafanyi, akasema, "Wote ndani. Mama Sabina anatufundisha mguu wa kushoto."

Nikakimbia kumletea viatu vyake, maana uani kwetu kuna mawe. Vilikuwa kibarazani alipoviacha jana. Kimoja kilikuwa na kuku ndani, ametulia, anataga.

"Mwache," Kapteni akasema. "Sivihitaji."